Milimita Niliyoificha

Mtaani kwetu walimwita Daktari, na mara mbili tatu wageni wasiojua mambo walimletea watoto wenye homa. Alikuwa fundi wa injini. Jina alilipata kwa sababu ya bomba la sindano, lile kubwa la plastiki la mililita hamsini, ambalo halikutoka kwenye mfuko wa ovaroli yake, upande wa kifua. Wale akina mama aliwaelekeza zahanati kwa upole, kisha akageuka kuniangalia mimi niliyekuwa navunjika mbavu upande wa pili wa mtaro.

Mimi ni mkereza vyuma. Kibanda changu kinatazamana na gereji yake, katikati pana mtaro wa maji machafu na ubao tunaovukia. Yeye ndiye aliyemwoa dada yangu mkubwa, kwa hiyo tuliitana shemeji kutoka asubuhi mpaka jioni, kwa kuchekana, kwa kuombana nati, hata kwa kugombana. Ninayoyaandika hapa ni habari zake. Yangu yamo humo ndani kwa sababu nimeshindwa kuyatoa.

Kwanza mjue kazi yake, maana bila hiyo hamtaelewa uovu wangu. Sehemu kama yetu hakuna anayepata injini nzima ikiharibika. Unatafuta bloku hapa, silinda hedi kule, pistoni kwa mtu wa tatu ambaye gari lake limegeuka banda la kuku. Gari lina jina moja nje, ukilifungua ndani ni ukoo wa mama watatu. Mafundi wengi hufunga hivyo hivyo kwa kubahatisha, injini ikiwaka wanapokea pongezi, isipowaka wanalaumu petroli. Shemeji yangu hakuwa hivyo. Yeye alipima.

Wateja walipomuuliza anapima nini, aliwaeleza kwa subira ambayo mimi sina. "Pistoni ikiwa chini kabisa, ndani kuna nafasi kiasi gani? Ikipanda juu kabisa, inabaki nafasi kiasi gani? Gawanya ile kubwa kwa ile ndogo. Hiyo ndiyo kompresheni. Ukipata nane, injini yako ni mzee mstaafu. Ukipata kumi, ni kijana anayejiheshimu. Ukipata kumi na moja kwa petroli yetu hii, huyo ni mlevi mwenye panga, na umemfungia ndani ya nyumba yako."

Alikuwa anailaza hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, chali, valvu zimefungwa, plagi imekazwa. Anapaka grisi pembeni mwa kila shimo, anafunika kwa kipande cha kioo chenye tundu dogo, kisha anaingiza mafuta ya taa kwa sindano, taratibu, akihesabu kwa sauti. Kiputo cha mwisho cha hewa kikitoweka chini ya kioo, anaacha, anasoma, anaandika. Halafu anarudia. Gasketi nayo, kizibo chembamba kinachokaa kati ya hedi na bloku, hakuipima mpya, alitafuta kuukuu ya aina ile ile iliyokwisha kubanwa. "Gasketi mpya ni godoro jipya," alisema. "Lilaliwe kwanza ndipo ujue unene wake."

Yote yaliingia kwenye daftari la miraba, kila injini ukurasa wake. Mtu huyu aliacha shule darasa la sita. Hesabu alifundishwa na mama yake, muuza mkaa ambaye hakujua kuandika hata jina lake lakini alikuwa anazidisha na kugawanya kichwani kabla mnunuzi hajafungua mdomo. Shemeji alikirithi kichwa hicho, na alijivunia urithi huo kuliko mtu mwenye shamba.

Ila mama huyo uzeeni kichwa kilimtoka, na kilianza kumtoka kwenye hesabu. Kwanza alikosea chenji. Kisha akasahau siku. Mwisho akawa hamjui mwanawe. Shemeji yangu alimwogesha na kumlisha miaka sita, na mama alikuwa akimshukuru kwa adabu zote, "Ahsante, fundi. Mwanangu akija nitamwambia ulivyonitendea." Siku tuliyomzika, shemeji aliniambia tukiwa njiani kurudi: "Ikija kwangu, itapitia mlango ule ule." Nilimwambia aache maneno ya kujitabiria mabaya. Hakuyaacha, aliyaweka tu mahali ambapo sisi hatukuyaona.

Sasa tuje kwa pikapu ya Mama Maziwa.

Mama Maziwa alikuwa anakusanya maziwa kwa wafugaji wa kule vilimani na kuyashusha mjini kabla jua halijawa kali. Pikapu yake ilipasuka hedi. Hedi ya aina ile haikupatikana kwa dawa. Shemeji akapata ya injini ya ukoo ule ule lakini mdogo wake, yenye vyumba vidogo kidogo vya kuchomea petroli, na pistoni akazitoa kwingine. Alipima siku mbili. Siku ya tatu akavuka ubao na hedi begani, daftari kwapani.

"Shemeji, tazama hapa," akanifungulia ukurasa. "Silinda moja inameza mililita mia nne na hamsini. Chumba cha hedi ni arobaini na tatu. Uso umepinda kidogo, lazima tuusawazishe, utatoa pointi tatu. Hapo chumba kinapungua moja na nusu. Jumlisha gasketi tano na nusu, na pale pistoni isipofika juu kabisa, tatu. Inabaki hamsini kamili. Pamoja na ile ya silinda ni mia tano. Mia tano gawanya kwa hamsini."

"Kumi," nikasema.

"Kumi. Ndiyo mwisho wa reli. Sina hata tone la ziada, kwa hiyo usinizidishie. Pointi tatu."

Pointi tatu za milimita ni kama unene wa ukucha. Ni kazi niliyoifanya nikiwa nusu usingizi mara ngapi sijui. Wiki mbili kabla nilikuwa nimetamba mbele ya watu kwamba mkono wangu haupotei hata upana wa unywele, na shemeji ndiye aliyeniitikia, "Kweli, nashuhudia."

Niliifunga hedi kwenye meza ya mashine. Kabla ya kufunga, meza inafutwa kwa kitambaa, kisha kwa kiganja, maana kiganja kinaona kisichoonwa na jicho. Siku hiyo kiganja changu kilikuwa kimeshika simu. Nilikuwa nabishana na jirani mmoja aliyeazima kiti changu cha plastiki na kukirudisha kimevunjika mguu. Ndiyo, kiti. Natamani ingekuwa msiba, au habari ya mgonjwa, niwe na cha kujitetea. Ilikuwa kiti, na nilikuwa nimekasirika kweli kweli.

Chembe moja ya chuma ilikuwa imebaki mezani, chini ya pembe moja ya hedi. Ndogo, kama mchanga. Mashine ikakata uso umekaa mshazari. Nilipoitoa na kuweka rula nikaona mwanga unapita upande mmoja. Ukishakata mshazari huwezi kurudisha. Njia ni moja tu, kuushusha upande uliobaki juu mpaka ulingane na ule ulioliwa, na upande ulioliwa ulikuwa pia na kidonda cha kutu nilichokifungua mwenyewe kwa kukata. Nikashusha, nikashusha tena. Nilipomaliza uso ulikuwa unang'aa kama kioo cha saluni, na nilikuwa nimetoa milimita moja na pointi tatu. Milimita nzima ya ziada. Nilipima mara nne, kana kwamba chuma kingenihurumia.

Dawa ilikuwepo, na ninyi msidhani ilikuwa ngumu. Ningevuka ubao na kusema, "Shemeji, nimeharibu." Angenitukana kidogo, angechora kipande cha shaba cha kuongeza unene chini ya hedi, mimi ningekikata, tungechelewa siku moja au mbili. Hayo tu. Badala yake nilichukua chaki nikaandika pembeni ya hedi kama kawaida yangu: 0.3. Nilijiambia atapima mwenyewe ataona, kama anavyopima kila kitu kinachotoka kwangu. Mwoga huwa na hesabu zake, na zangu zilikuwa hizo.

Kumbe kioo chake chenye tundu kilikuwa kimepasuka juzi yake, spana imekiangukia. Na Mama Maziwa alikuwa amesimama pale gerejini, mikono kiunoni, siku ya nne bila gari, wafugaji wanampigia simu kumwambia maziwa wanawapa ndama.

"Kesho nitapata kioo, nipime," shemeji akamwambia.

"Daktari, kesho yako ina watoto wangapi? Kila siku inazaa nyingine."

Shemeji akacheka, akaitazama ile chaki, akaipapasa hedi. "Haya basi, mama. Mkono wa shemeji yangu ndiyo kioo changu."

Nikacheka na mimi. Mungu anisamehe, nilicheka.

Alipokuwa akifunga injini niliomba, kwa dhati kabisa, kwamba valvu ziguse pistoni. Zingegusa, angegundua kwa mkono kabla injini haijawashwa, na ukweli ungejitokeza wenyewe bila kupitia kinywani mwangu. Akaizungusha kwa mkono mara mbili, tatu, ameinamisha sikio. Hazikugusa. Ikawashwa, ikanguruma vizuri ajabu. Mama Maziwa akazunguka mtaa akarudi akipiga honi. "Linaruka hili! Umelilisha nini?" Bila shaka liliruka. Mlevi huwa na nguvu kabla hajaanguka.

Siku ya sita alipiga simu kwamba likipanda mlima linalia, kama kokoto ndani ya kopo. Shemeji akarudisha nyuma taimingi, cheche ichelewe kidogo kuwaka, akasikiliza, akakunja uso. Siku ya kumi, katikati ya mlima, madebe yamejaa na jua limewaka, pistoni ya tatu ikatoboka.

Lilirudishwa kwa kamba. Maziwa yalikuwa yamekwisha kuchacha na harufu ilitangulia kufika. Mama Maziwa alishuka polepole. Nilitarajia kelele, nadhani hata shemeji alizitarajia na angezishukuru. Alisema tu, "Daktari, nilikuwa nakuamini kuliko mume wangu. Na mume wangu, pamoja na yote, hajawahi kuniacha kilimani." Akaenda zake kwa miguu.

Nilivuka ubao hedi ilipofunguliwa. Nani angenizuia? Mwizi hupenda kuona msako. Tundu kwenye pistoni lilikuwa la kuingiza kidole, na shemeji aliingiza kidole, akakitoa, akakitazama. Akaazima kioo kwa fundi wa madirisha, akakitoboa, akaisafisha hedi, akaanza kupima. Alihesabu kwa sauti kama siku zote. Alipofika thelathini na sita na nusu, kiputo kikatoweka.

Akamwaga, akapima chumba cha pili. Thelathini na sita na nusu. Cha tatu kilikuwa na majeraha ya pistoni, akakiruka. Cha nne vilevile. Akafungua daftari akaweka kidole kwenye ile arobaini na tatu aliyoiandika kwa mkono wake. Kisha akainua macho.

"Shemeji, ulitoa ngapi vile?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, upana wa lori kupita. Hakuniuliza kwa hasira, aliniuliza kama mtu anayekuomba umshikie taa.

"Pointi tatu," nikasema.

Uongo wa kwanza niliuandika kwa chaki, na chaki inafutika. Huu wa pili niliutamka nikimtazama machoni. Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye daftari, akalifunga.

"Basi ni mimi," akasema. "Niliona thelathini na nane, nikaandika arobaini na tatu. Nilipima mara mbili, na mara zote mbili nimeona kisichokuwepo."

Nikasema, "Hutokea, shemeji, ni uchovu," na hilo likawa jiwe la tatu.

Pikapu ya Mama Maziwa aliitengeneza upya bila kumdai, kwa hedi nyingine, akapima mara kumi na tano kila chumba. Ile mbovu alisema itupwe. Nikajitolea kuibeba. Niliipeleka mwenyewe kwa wale wanaoyeyusha alumini, na nikasimama pale nikingoja mpaka ikalainika, ikazama ndani ya chungu, ikawa uji mweupe. Hedi ile ingewekwa kando ya nyingine ya aina yake na kupimwa unene, hata kipofu angejua milimita imekwenda wapi. Niliporudi nyumbani nilikula vizuri, nakumbuka. Nilidhani nimemaliza.

Kumbe ndiyo kwanza yalianza. Shemeji alilichukua daftari lile, miaka ishirini na zaidi ya kurasa, akaanza kujumlisha upya moja baada ya nyingine akitafuta kosa jingine. Hakulipata, na kutolipata kukamtisha zaidi. "Kosa ninaloliona halinitishi," aliniambia. "Linalonitisha ni hili ninaloliangalia na kuliona ni sahihi." Injini za kuchanganya akaanza kuzikataa. Akabaki na kubadilisha oili na breki, kazi za mtu yeyote mwenye mikono miwili. Alihesabu boliti kwa sauti akizitoa, akazihesabu tena akizirudisha. Vijiwe vikaanza kusema Daktari amezeeka. Na mtu akiambiwa kila siku kwamba anachechemea, mwisho huchechemea: wiki moja alisahau kukaza kizibo cha oili cha teksi, jambo ambalo kila fundi limemtokea, lakini yeye alikaa juu ya tairi mchana mzima amejishika kichwa.

Dada yangu akanisimulia mengine, jikoni kwake, akiosha vyombo ili asinitazame.

"Mdogo wangu, anaandika majina ya wajukuu kwenye kiganja."

"Kwa nini?"

"Kila asubuhi anayataja kabla hajaangalia. Akipata yote, ananawa. Akikwama kidogo tu, siku hiyo hali." Akasugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Jana kaniambia nisije nikamwogesha mimi, ikifika. Eti nitafute mtu wa kulipwa. Hataki niwe nakumbuka mwili wake ukiwa hauna mwenyewe."

Sufuria ikamtoka mkononi. Mimi nikaiokota nikampa, nikaaga kwamba kuna mteja ananisubiri. Hakukuwa na mteja. Nilikaa kwenye kibanda changu nikaisafisha meza ile kwa kiganja, pembe kwa pembe, mpaka ngozi ikachubuka.

Tulimpeleka hospitali, hilo tulilifanya. Daktari wa kweli akamuuliza maswali, akamchoresha saa, akamwambia kwa umri wake yuko vizuri kuliko wengi. Nikashusha pumzi. Shemeji akavaa kofia yake akasema, "Na mama mwanzoni aliwajibu vizuri hivi hivi." Ukimtia mtu shaka juu ya macho yake mwenyewe, utamthibitishia kwa macho ya nani?

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Si kweli. Yangu ilikuwa ndefu, ilinichukua miezi minne, na kila siku niliyotembea ilizidi kuwa mbali kurudi. Mwezi wa kwanza ningekuwa fundi aliyekosea. Mwezi wa nne nilikuwa mtu aliyemtazama mwenzake akizama huku kamba nimeishika mimi. Nilijiambia nitasema Jumatatu, kisha nitasema mvua ikikatika, kisha nitasema dada akipona mafua.

Jumamosi moja, saa za mchana, shemeji alivuka ubao. Alitembea kwa uangalifu, kama ubao ni mwembamba kuliko jana. Aliweka juu ya meza yangu daftari, na juu ya daftari bomba la sindano.

"Vitunze hivi. Gereji nimepata mtu wa kuichukua mwisho wa mwezi. Wewe ndiye mwenye mkono usiopotea, atakayekuja kujifunza mfundishe kwa hili daftari. Kurasa za mwisho mwisho usizitumie, sina hakika nazo. Na dada yako. Nikianza kumsumbua, usimwachie peke yake."

Akaondoka kabla sijajibu. Bila sindano, mfuko wa ovaroli yake ulikuwa umelala bapa kifuani, na sikuweza kuondoa macho hapo mpaka akaingia gerejini.

Nilifunga kibanda. Nikapiga moyo konde, nikaenda nyumbani kwao nikamngoja. Aliporudi na kunawa, tukakaa sebuleni, yeye kwenye kiti chake cha mbao, mimi kwenye kochi, dada akiingia na kutoka na birika la chai. Nikamwambia dada naye akae. Akabaki amesimama mlangoni na trei.

Nikasema yote. Sikuanza na radhi, nilianza na milimita. "Hedi ya Mama Maziwa nilitoa moja na pointi tatu. Chini yake kulikuwa na chembe, ikakata mshazari, nikaisawazisha, nikaandika pointi tatu kwa kuona haya. Arobaini na tatu yako ilikuwa sahihi. Hukuwahi kukosea, shemeji. Hujawahi."

Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa upande mmoja kama anavyosikiliza injini. Kisha uso wake ukalainika.

"Chembe," akasema.

"Ndiyo."

"Kwenye meza yako wewe? Meza ile mtu anaweza kula wali bila sahani."

"Sikuifuta. Nilikuwa kwenye simu."

"Ukiongea na nani?"

"Jirani. Tulikuwa tunabishana."

"Kuhusu?"

"Kiti cha plastiki."

Hapo akacheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, akajifuta machozi kwa kiganja chenye wino. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ile ya chaki.

"Mke wangu, sikia. Ametunga mpaka kiti!"

"Sijatunga. Wallahi, shemeji, sijatunga."

"Nilikuuliza," akasema kwa upole. "Hedi iko mbele yetu, nilikuuliza ulitoa ngapi, ukanitazama ukaniambia. Mtu wa kunitazama vile na kunidanganya, halafu akae miezi minne akiniona ninavyokuwa, mtu huyo simjui. Si wewe."

"Ni mimi."

"Si wewe, bwana. Nimekujua tangu unavaa kaptura."

"Tutapima unene wake," nikasema, na kabla sentensi haijaisha nikajua.

"Haya. Hedi iko wapi?"

"Niliiyeyusha."

Akatikisa kichwa pole pole, bila ushindi wowote, kama mwalimu aliyemwona mtoto mzuri akikwama. "Unaona sasa. Uongo mwema nao unahitaji ushahidi." Akaniinamia akanishika goti. Kiganja kilikuwa cha moto. "Kama dada yako ndiye aliyekutuma, simlaumu, na wewe sikulaumu. Mnataka nilale usingizi. Ahsante, shemeji. Wewe ni mtu mwema."

Niliapa tena. Nikaapa kwa kaburi la mama yetu. Kadiri nilivyozidi kuapa ndivyo alivyozidi kunionea huruma, mpaka akaanza kunibembeleza mimi, akiniambia nisilie, kila mtu ana siku zake, na yeye amezifaidi zake. Kisha akanyanyuka, akasema anakwenda kujilaza kidogo, akasita katikati ya sebule akitaja kitu kwa midomo tu, na macho kwenye kiganja chake.

Dada alikuwa bado mlangoni na trei, chai imepoa. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi, muda mrefu, na nikaona kwamba katika nyumba ile mtu mmoja alikuwa ameniamini.